Leba ikiwa ngumu na huduma ikakuvunja moyo

Mama mwenzangu, ukijifungua kwa shida ukabaki na donge moyoni, usinyamazishwe na "si umepata mtoto mzima, shukuru tu". Siku za mwanzo, kabla hujasahau, andika kwenye daftari au simu: uchungu ulianza saa ngapi, nani alikupima, uliomba nini ukanyimwa, uliongezwa njia (kukatwa kidogo ukeni ili mtoto apite) bila kuelezwa? Ukirudi kliniki, omba mkunga akupitishe kwenye faili lako, akueleze kwa nini walifanya vile. Mimi niliuliza wiki ya 6, ndipo nikajua mtoto alikuwa amekaa vibaya. Kumbe sikuwa "mvivu wa kusukuma" kama nilivyofokewa. Nililia sana siku ile, lakini nilipumua.

Kama ulitukanwa au kupigwa, maelezo hayo mpelekee mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali au kituo. Mimba ijayo, uliza mapema kama wanaruhusu msindikizaji leba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Na kilio kikipita wiki 2, au hulali hata mtoto akilala, mwone mhudumu wa afya. Usingoje tarehe ya kliniki.