Kuku chotara wa mayai ya rangi: rangi iko kwenye damu, siyo kwenye chakula

Nilimtumia mama picha ya trei ya mayai, yapo ya bluu, ya kijani, mengine kahawia, akanirudishia voisi: "Mwanangu, umeyachovya rangi au hao kuku wanaumwa?" Hawaumwi mama, na sijachovya kitu. Ila wanaoniuliza ni wengi, hasa sisi tulioko huku Marekani wenye kauwanja nyuma ya nyumba, kwahiyo ngoja nieleze.

Nyumbani ukisema chotara watu wanawaza Sasso na Kuroiler. Hapa naongelea mchanganyiko wowote wenye damu ya kuku wanaotaga mayai ya bluu, huku wanaitwa Easter Egger. Na usidanganywe na mtu, hakuna chakula kinachobadilisha rangi ya ganda. Chakula kinabadilisha kiini, ukiwapa majani na mahindi ya njano kiini kinakolea, basi. Ganda kuku anazaliwa nalo, akianza na kijani atataga kijani mpaka uzeeni, itapauka tu kidogo kadiri anavyotaga mfululizo.

Vunja yai la bluu, ng'oa ule utando wa ndani, utaona bluu mpaka ndani. La kahawia ndani ni jeupe, maana kahawia inapakwa juu mwishoni kabisa kabla yai halijatoka. Sasa chukua la kijani: nje kijani, ndani bluu! Yaani kijani ni bluu iliyopakwa kahawia kwa juu, ukielewa hilo umeshaelewa uchanganyaji wote. Bluu ina nguvu, kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja tu inatosha. Jogoo wa damu halisi ya mayai ya bluu ukimpa majike ya Marans, wale Wafaransa wa mayai ya kahawia iliyoiva kama chokoleti, watoto wanataga kijani cha zeituni. Ila jogoo akiwa naye chotara mwenye bluu upande mmoja tu, tegemea kama nusu ya mitetea itage kijani, wengine watakutagia kahawia. Watu wanamsahau sana jogoo kwa sababu hatagi, kumbe nusu ya rangi ni yake.

Mi mwenyewe nilinunua vifaranga sita dukani, boksi limeandikwa "Americana", nikajua nimepata Ameraucana halisi, aina inayotaga bluu, kumbe hilo jina mara nyingi wanabandikiwa chotara. Miezi sita baadaye mmoja kanitagia kahawia kama kuku wa jirani. Siku hizi naangalia upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Kama upande mmoja wa wazazi ulikuwa na upanga wa kawaida uliosimama, mtoto mwenye upanga mfupi uliolala wenye vistari vitatu mara nyingi ndo amebeba bluu, kwa sababu hizo jeni mbili zimekaa karibu na zinarithiwa pamoja. Siyo asilimia mia, ila imenisaidia. Araucana halisi wa Chile wenye mashungi masikioni waachie wazoefu, jeni ya yale mashungi ikirithiwa pande zote mbili kifaranga anafia ndani ya yai.

Kabla hujanunua soma sheria za mji wako, sehemu nyingi wanaruhusu majike machache na jogoo hawamtaki kabisa. Vifaranga wiki ya kwanza wape joto la kama nyuzi 35, kila wiki unapunguza nyuzi 3 hivi, na waangalie wenyewe, wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni umewachoma. Chakula cha kutagia usiwape mapema, ile kalsiamu nyingi inaharibu figo za wadogo, subiri wiki 18 au waanze kutaga. Wakishaanza, protini asilimia 16 na maganda ya chaza kwenye chombo chake pembeni, kila mmoja atakula anachohitaji.

Banda weka futi 4 za mraba kwa kuku, nje futi 10, kiota kimoja kwa kuku wanne, chini maranda makavu. Na ule wavu mwembamba wa kuku jamani ni wa kumzuia kuku asitoke, haumzuii rakuni, yule mnyama wa huku anayewinda kuku usiku, kuingia. Anapenyeza mkono anamvuta kuku aliyelala karibu, asubuhi unakuta manyoya tu. Funga wavu mgumu wa matundu madogo, na komeo la mlango liwe la hatua mbili maana lile la kuinua tu anafungua kama mtu.

Vuli wakinyonyoka manyoya mayai yanakata, usihangaike na dawa. Baridi ikiingia siku zinakuwa fupi, ukitaka waendelee kutaga weka taa ndogo yenye taima, mwanga wa jua na taa kwa pamoja ufike masaa 14. Mi taa naiwasha alfajiri, kwa sababu jioni ikizimika ghafla wanabaki sakafuni gizani, hawaoni fito za kulalia.