Somo: Kupanga kipandikizi cha kato la juu

Kipandikizi ni skrubu ya titaniamu inayopandwa mfupani badala ya mzizi wa jino; hapa ni cha kato, jino la mbele. Anza na jino, mfupa ufuate. Chonga kwanza jino jipya kwa nta kwenye modeli ya plasta, au lichore kwenye kompyuta, lifanane na mwenzake wa upande wa pili. Kutoka hapo tengeneza kiolezo ambacho mgonjwa atakivaa wakati wa picha ya CBCT, yaani eksirei ya taya ya pande tatu. Ukifuata mfupa peke yake, fundi wa maabara atapokea kosa asiloweza kulificha.

1. Nafasi na majirani. Acha angalau mm 1.5 za mfupa kati ya kipandikizi na kila jino la jirani, na mm 3 kati ya vipandikizi viwili. Kwa hiyo kipandikizi cha kipenyo cha mm 4.1 kinadai pengo la mm 7.1. Kato la pembeni huwa halina nafasi hiyo. Chukua cha mm 3.3. Ukibana, mfupa wa kati huyeyuka na pembetatu ya ufizi hupotea, likabaki tundu jeusi.

2. Mbele na nyuma. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukuta wa mfupa upande wa mdomo ubaki na unene wa mm 2, na bega la kipandikizi, yaani ukingo wake wa upande wa ufizi, likae mm 1 hadi 1.5 ndani ya mstari wa nyuso za mbele za meno jirani. Ukuta mwembamba hupata damu kidogo. Ukiyeyuka, ufizi hupanda, jino huonekana refu na kijivu cha titaniamu huanza kupenya. Ukirudi nyuma mno nako, taji, yaani jino bandia linalofungwa kwenye kipandikizi, hutokeza kama rafu na uchafu hukaa chini yake.

3. Kina. Bega liwe mm 3 juu ya ukingo wa ufizi unaokusudiwa. Usipime kwa ufizi wa leo, huenda umeshapanda.

4. Mwelekeo. Kwa taji inayofungwa kwa skrubu, mhimili utokee nyuma ya jino, kwenye kinundu kilicho karibu na ufizi.

Toboa kwa keekee ya mm 2, ingiza pini ya mwelekeo, piga picha, ndipo upanue. Maji ya chumvi yaliyopozwa yasikatike: mfupa ukikaa nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kuumia.

Maswali ya wanachama

Jino likiwa limeng'olewa leo, nifuate tundu lake?
Hapana. Tundu huelekea mbele, na keekee itateleza hadi ukuta wa mdomo. Anzia kwenye ukuta wa kaakaa, kisha jaza chembe za mfupa kwenye mwanya unaobaki mbele.

Dokta, na gego la chini?
Hapo sura si hoja, nguvu ndiyo hoja. Kipandikizi kikae chini ya katikati ya gego, mzigo wa kutafuna ushuke wima. Kikikaa pembeni, skrubu hulegea kila mara. Acha mm 2 juu ya mfereji wa neva, na usome maelezo ya mtengenezaji: ncha ya keekee mara nyingi huzidi alama ya kina.

Ufizi umeshapanda. Nipandikize nyama?
Tazama kwanza kipandikizi kimekaa wapi. Kama bega limetoka nje ya mfupa kwa mbele, nyama haitadumu. Kutoa na kuanza upya mara nyingi ndiyo njia fupi.