Kulea Familia ya Tamaduni Mbili Mnapohama Nchi hadi Nchi: Mwongozo kwa Wazazi

Familia inayoishi mahali pamoja husaidiwa kulea na watu wengi bila mtu yeyote kupanga. Mtoto wa Tanga hujifunza kumwamkia mkubwa kwa sababu jirani asiyeamkiwa atapeleka malalamiko kwa mama yake jioni hiyohiyo. Hujifunza lugha uwanjani, dini madrasani au katika mafundisho ya Jumapili, na ukoo wake katika harusi na misiba. Mtoto huyo akihamia Stuttgart, kisha Maskati, kisha Nairobi, watu wote hao hubaki nyuma, na kazi yao huwaangukia wazazi wawili ambao mara nyingi hawajawahi kukaa chini wakagawana. Mwongozo huu unahusu mgawanyo huo: nani ashike lipi, na lini. Mfano nitakaoufuata ni wa familia ambayo mama ni Mtanzania na baba ni Mjerumani. Wenye asili nyingine watapaswa kuangalia sheria za nchi zao, lakini maswali hayatofautiani sana.

Uraia na vyeti

Anzeni na karatasi, kwa sababu makosa ya malezi hurekebishika, ilhali tarehe ya mwisho ya kisheria ikipita imepita. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje ya nchi kuwa raia kwa kurithi iwapo baba au mama yake ni raia, lakini mzazi ambaye yeye mwenyewe aliupata uraia kwa kurithi hawezi kumpitishia mtoto aliyezaliwa nje. Ujerumani nayo ina ukomo wa aina hiyo: Mjerumani aliyezaliwa nje ya Ujerumani baada ya tarehe 31 Desemba 1999, na ambaye makazi yake ya kawaida yako nje, akipata mtoto nje, kwa kawaida mtoto huyo hapati uraia wa Ujerumani isipokuwa maombi ya kusajili kuzaliwa kwake yamepelekwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa familia inayohamahama, maana yake ni kwamba mahali mama anapojifungulia leo panaweza kuamua uraia wa wajukuu. Wazazi wengi hutazama ubora wa hospitali na gharama zake tu, na ni haki yao, lakini na hili liingizwe katika hesabu.

Jambo la pili ni umri wa miaka 18. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kuwa nao hadi atimize umri huo, kisha anatakiwa kuukana uraia wa nchi nyingine ili aendelee kuwa Mtanzania. Mabadiliko ya sheria ya Ujerumani yaliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024, ambayo yanaruhusu uraia zaidi ya mmoja, hayamsaidii kijana huyu, kwa kuwa kizuizi kiko upande wa Tanzania. Mama angekuwa Mkenya hali ingekuwa tofauti kabisa, maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha. Angekuwa Mkongo mngekuta kizuizi kikali zaidi, kwani Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa nchi hiyo hauwezi kushikwa pamoja na mwingine wowote. Ninashauri mazungumzo yaanze mtoto akiwa na miaka 14 au 15, na wazazi wamweleze faida na hasara za kila upande bila kumfanya aone kwamba anachagua kati ya mama na baba.

Mazungumzo hayo yaguse pia ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo nyumba iliyojengwa Bagamoyo kwa akiba ya miaka mingi inaweza kuwa ya mama peke yake kisheria, na kesho ikawa mgogoro kwa mume na watoto ambao si raia. Wakili aonwe kabla ya kumwaga msingi.

Majina nayo hutesa kuliko yanavyostahili. Kwetu mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu. Ujerumani huandikwa jina la kwanza na la ukoo. Cheti cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kikisema moja na cheti cha Ujerumani kikisema jingine, mtoto mmoja anakuwa watu wawili mbele ya kila ofisi, na kila ofisa atataka kiapo. Amueni tahajia na mpangilio wa majina kabla ya usajili wa kwanza, kisha mfuate huohuo herufi kwa herufi katika pasipoti, kadi ya kliniki na shule.

Karatasi zote zikae katika mkoba mmoja unaopandishwa ndani ya ndege, si katika kontena la mizigo: vyeti halisi vya kuzaliwa na cha ndoa, nakala zilizothibitishwa, tafsiri za mtafsiri aliyeapishwa, ripoti za shule na rekodi za chanjo. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake achukue barua ya idhini ya mzazi mwenzake, yenye saini na nakala ya pasipoti yake. Afrika Kusini ilianza kulisimamia jambo hili kwa ukali mwaka 2015, ikalegeza baadaye, lakini ofisa wa mpaka wowote anaweza kuuliza.

Lugha

Kila mzazi azungumze na mtoto kwa lugha yake mwenyewe, wakati wote, mahali popote. Njia hii ina umri mkubwa: mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat, aliyekuwa na mke Mjerumani, alimlea mwanawe Louis hivyo na kuchapisha maelezo yake mwaka 1913. Ugumu ni kuishikilia. Kwa nilivyoona, Kiswahili katika nyumba hizi hakifi kwa uvivu wa mama, bali kwa adabu yake. Mume akiingia sebuleni, mama anageukia Kiingereza ili mwenzake asijione ametengwa. Wageni wakija, vivyo hivyo. Na baada ya miaka miwili Kiswahili kimebaki cha kugombezea tu. Dawa iko mikononi mwa baba: ajifunze Kiswahili cha mezani na cha nyumbani kiasi cha kufuata mazungumzo, hata kama yeye atajibu kwa Kijerumani.

Mtoto akikosea, msimkatize. Mrudishieni sentensi ikiwa sawa ndani ya mazungumzo yenyewe. Watoto waliokulia nje hupotea sana katika upatanisho wa ngeli, na mazungumzo ya kawaida huwa hivi:

“Mama, kitabu yangu iko wapi?”

“Kitabu chako? Kitabu chako kiko juu ya meza, karibu na kikombe changu.”

Mama hakusema “umekosea”, lakini mtoto amesikia upatanisho sahihi mara nne. Akifanyiwa hivyo kila siku, sikio lake litazoea kabla hajajua kwamba kuna kitu kinachoitwa ngeli. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja, msishtuke. Watoto wa lugha mbili hufanya hivyo kote duniani, na si dalili ya kuchanganyikiwa.

Kusoma Kiswahili ni rahisi kwa mtoto aliyekwisha kujua kusoma Kijerumani, ila kuna herufi chache za kumwonyesha mapema. Jina “Juma” atalisoma “Yuma”, “wewe” atasema “veve”, na “zawadi” itaanza kwa sauti ya “ts”. Muda mfupi kila jioni kwa kitabu chenye picha unatosha kuondoa mkanganyiko huo. Sauti za nje ya nyumba nazo zinasaidia: Idhaa ya Kiswahili ya DW, iliyoanza mwaka 1963, inatangaza kutoka Bonn, na mtoto hunufaika kusikia kwamba Kiswahili hutumiwa kuzungumzia siasa na mpira wa miguu, si kumwita aje kula tu. Mkihamia Maskati mtapata bahati ambayo wengi hawaitegemei, kwani Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na Afrika Mashariki bado wanazungumza Kiswahili nyumbani, na mama anaweza kupata majirani wa kupiga nao soga siku ileile aliyofika.

Bibi na binamu

Hakuna somo la nyumbani linaloweza kushindana na mwezi mmoja kwa bibi. Lakini mwezi huo upangwe kwa kalenda ya shule za pande zote mbili. Likizo ya kiangazi ya Ujerumani huchukua takribani wiki sita na tarehe zake hutofautiana kwa jimbo. Bavaria huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti na kuendelea hadi Septemba. Wakati huo shule za Tanzania zimekwisha kufunguliwa baada ya mapumziko ya Juni, na mtoto wenu atakaa kutwa nzima barazani akiwasubiri binamu warudi. Desemba tiketi ni ghali zaidi na likizo ya Ujerumani ni fupi, lakini watoto wa nyumba nzima wapo. Nikipewa kuchagua, nachagua Desemba.

Mkifika, fikieni nyumbani. Mtoto anayelala hotelini ufukweni na kupelekwa kwa bibi kwa saa chache Jumapili anajifunza kwamba yeye ni mgeni, na bibi naye atamhudumia kama mgeni. Alale chumba kimoja na wenzake, atumwe dukani, agombezwe na shangazi. Atarudi na meno machafu kidogo na Kiswahili kizuri.

Kati ya ziara hizo kuna simu, nayo ihesabiwe kuwa miadi, si jambo la tukipata nafasi. Tofauti ya saa na Ujerumani ni mbili wakati wa baridi na moja wakati wa kiangazi. Mfundisheni mtoto mapema hesabu ya saa za Kiswahili, maana bibi akisema atapiga saa mbili usiku anamaanisha mtoto aisubiri simu saa kumi na mbili jioni ya Ujerumani wakati wa baridi, na saa ya ukutani kule itasoma 18:00.

Nidhamu na fedha

Haya mawili ndiyo huvunja mapatano, kwa kuwa kila mzazi hudhani ya kwao ndiyo ya kawaida.

Sheria ya Ujerumani, tangu mwaka 2000, inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu shuleni kwa kanuni maalumu. Mtoto akipita nchi zote tatu huku kila nyumba ikiwa na utaratibu wake, atazijua tofauti hizo haraka na kuzitumia. Wekeni kanuni moja ya nidhamu kwa nyumba zote, mkiwa na bibi, babu na dada wa kazi, na anayeieleza kwa wazee awe mwana wa wazee hao, si mkwe. Mkwe Mjerumani anayemfundisha mama mkwe wa Kitanzania kulea hatasikilizwa, hata kama ana haki, na mama Mtanzania hatasikilizwa Stuttgart vilevile.

Kuhusu fedha, mume asiyezoea hushangaa kuona michango ya harusi ya mtoto wa mjomba, msiba wa jirani na ada ya binamu vikifuatana ndani ya mwezi mmoja. Mke naye huona aibu kukataa na hutuma kimyakimya, kisha siri ikijulikana ugomvi unakuwa wa uaminifu, wala si wa fedha tena. Tengeni fungu la ukoo kila mwezi, lenye kiwango mlichokubaliana wote wawili, na ndani ya kiwango hicho mke aamue bila kuulizwa. Fungu likiisha, jibu ni “mwezi ujao”, na ndugu wakizoea watapanga foleni wenyewe. Upande wa baba nao uwe na fungu, maana wazazi Wajerumani wanaozeeka peke yao wanahitaji tiketi za kutembelewa.

Afya, kwa ufupi

Ujerumani, tangu Machi 2020, inamtaka mtoto awe na uthibitisho wa chanjo ya surua kabla ya kuingia chekechea au shule, kwa hiyo kadi ya kliniki isipotee. Kovu la chanjo ya kifua kikuu ambayo watoto wetu hupewa wanapozaliwa linaweza kumshangaza daktari kijana wa Kijerumani, kwani nchi hiyo iliacha kuipendekeza mwaka 1998. Mwelezeni, hasa kabla ya kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Muhimu kuliko yote ni malaria. Mtoto aliyekulia Ulaya hana kinga ya binamu zake, hata kama mama ni wa Muheza. Apewe dawa za kujikinga kwa ushauri wa daktari, alale ndani ya chandarua, na akipata homa katika miezi ya baada ya safari daktari aambiwe alikotoka kabla hajauliza.

Kuondoka na kufika

Mtoto aambiwe mapema kwamba mnahama, na aage. Kwa mtoto wa shule ya msingi kuaga ni kwenda yeye mwenyewe kwa rafiki, kwa mwalimu, na kwa muuza duka anayemjua kwa jina. Mizigo ya chumba chake ifungwe ya mwisho na ifunguliwe ya kwanza.

Mtayarisheni pia kwa watu watakaomwuliza yeye ni nani. Dar es Salaam ataitwa mzungu, na Stuttgart ataulizwa ametoka wapi hasa. Awe na jibu fupi alilolizoea nyumbani, la kutaja kwao kwa mama na kwao kwa baba, na ajue kwamba halazimiki kuendelea kujieleza.

Shule mpya ipewe karatasi moja siku ya kwanza: lugha anazozungumza na anazosoma, darasa alilofikia na mwezi alioliacha, kwa sababu mwaka wa Tanzania huanza Januari na wa Ujerumani Agosti au Septemba, jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, chanjo zake, na namba ya simu ya mzazi ambaye katika mgawanyo wenu ndiye aliyekabidhiwa mambo ya shule.