Umeandikiwa statini? Vitu vya kuweka sawa kabla hujameza kidonge cha kwanza

Dokta ameshakwambia kolesteroli iko juu, cheti unacho mkononi kimeandikwa atorvastatini au rosuvastatini au simvastatini (hizo ndo statini, dawa za kushusha kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu), alafu kila unayemgusia ana lake, huyu anakwambia itakumaliza misuli, yule anasema ini litakufa, mwingine ana majani yake anauza. Mimi nasema kabla hujawasikiliza wote hao kuna kazi moja ya bure kabisa: jua mwili wako ulivyo leo, na uandike. Manake ukishaanza hiki kidonge kila kitakachouma, kiuno, goti, kichwa, kitasingiziwa dawa, na kama huna kumbukumbu ya jana utabaki unabahatisha tu.

Chukua daftari au simu uandike kawaida tu, bila lugha ya hospitali. Mfano: goti la kulia linauma nikipanda ngazi, lilianza mwaka jana. Mabega poa. Kuna usiku mguu unakaza hadi naamka. Usingizi wa kukatika katika. Basi. Ni kama mpangaji anavyopiga picha nyufa za ukuta kabla hajaingiza vyombo, ili mwenye nyumba asije akasema we ndo umepasua.

Na hili sio la kufikirika. Kule Uingereza walichukuliwa watu 60 ambao walishaacha statini kwa sababu ya maudhi, wakapewa chupa za mwaka mzima, mwezi huu statini, mwezi mwingine kidonge kinachofanana nayo ila hakina dawa ndani, mwezi mwingine hamna kidonge chochote, na kila siku mtu anaandika kwenye simu anavyojisikia. Majibu yalitoka 2020: karibu asilimia 90 ya maudhi ya kwenye statini yalikuwepo pia kwenye kile kidonge kitupu. Watu hawakuwa wanaigiza, maumivu waliyasikia kweli, ila mengi hayakutoka kwenye dawa yenyewe. Walipoonyeshwa rekodi zao, nusu walirudi kwenye statini. Sasa hiyo isiwe fimbo ya kumpigia mtu anayelalamika, wapo ambao misuli yao inagoma kweli, na mara nyingi inakuja pande zote mbili, mapaja yote au mabega yote, wiki au miezi ya mwanzo au baada ya dozi kupandishwa, bila kwamba ulibeba mzigo au ulikimbia. Goti moja lililokuwa linauma toka zamani ni habari nyingine, na utalijua kwa sababu uliliandika.

Namba zako nazo ziweke. Usiridhike na kuambiwa "iko juu", omba karatasi ya majibu yenye kolesteroli ya jumla, LDL (ile wanaiita mbaya), HDL (ile wanaiita nzuri) na trigliseridi (mafuta ya aina nyingine kwenye damu), alafu angalia imepimwa kwa kipimo gani, maana maabara nyingine zinaandika mmol/L na nyingine mg/dL, na mtu akiona LDL 4.9 huku na 190 kule anaweza kuzimia wakati ni kitu kile kile. Ukitaka kubadilisha, namba ya mg/dL ya kolesteroli igawe kwa 38.67. Trigliseridi usizigawe kwa hiyo, zina namba yake.

LDL ikifika hapo kwenye 4.9 na kuendelea, ulizia na historia ya ukoo. Kama baba au kaka alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, mwambie dokta bila kuficha, kuna aina ya kolesteroli ya kurithi ambayo haijali unakula nini wala wewe ni mwembamba kiasi gani, na ikiwa ndo hiyo basi watoto na ndugu zako wa damu nao wanatakiwa wapimwe.

Kabla ya kuanza kuna vipimo vingine vya kuulizia. Thairodi, ile tezi ya shingoni, ndo inasahaulika sana: ikiwa imelala, yaani inafanya kazi chini ya kiwango, LDL inapanda yenyewe, na juu ya hapo misuli inakuwa rahisi kusumbuliwa na statini, kwahiyo unaweza kutibu tezi kwanza ukakuta nusu ya tatizo imeondoka. Kipimo cha ini kinachukuliwa ili pawe na namba ya kulinganisha, na vimeng'enya vya ini (ndo vinavyopimwa hapo) vikiwa juu kidogo haimaanishi huwezi kutumia, madaktari wengi wanashtuka vikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida. Hata ini lenye mafuta peke yake sio kizuizi. Sukari ya miezi mitatu (kipimo cha HbA1c) pima pia, kwa sababu statini inaweza kuisogeza sukari juu kidogo, na anayeangukia kisukari mara nyingi ni yule aliyekuwa ameshafika mlangoni. Kwa mwenye hatari kubwa ya moyo faida bado inazidi, ila bora ulijue mapema kuliko kulishangaa baadae.

Sasa dawa nyingine unazotumia, hapa usifanye mchezo hata kidogo. Beba zote kwenye mfuko umpelekee dokta au mfamasia, pamoja na za kienyeji na virutubisho. Simvastatini na atorvastatini zinavunjwa na ini kwa njia ambayo dawa nyingine zinaiziba, na njia ikizibwa dawa inarundikana kwenye damu. Antibayotiki kama klarithromaisini na erithromaisini, dawa za fangasi kama itrakonazo, ARV zenye ritonavia, zote zimo kwenye kundi hilo, na simvastatini haichanganywi nazo kabisa. Ile amlodipini ya presha ambayo watu kibao wanaitumia, ukiwa nayo simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku. Tunda la balungi (grapefruit) nalo linaziba njia hiyo hiyo, na usicheke, limeandikwa mpaka kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Mchele mwekundu uliochachushwa unaouzwa kama virutubisho una kemikali ile ile ya lovastatini, ambayo nayo ni statini, kwahiyo ukitumia na kidonge chako unajipa dozi mbili bila kujua. Wanaoona huu ni woga wa bure wakumbuke kwamba 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni dunia nzima baada ya watu kufa kwa misuli kuyeyuka, na hatari ilikuwa mbaya zaidi kwa waliochanganya na jemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta.

Dada unayepanga kubeba mimba, uliye mjamzito au unayenyonyesha, sema kabla dawa haijaandikwa, kwa wengi itasubiri.

Swali lingine la kumuuliza dokta ni kwanini wewe, na kwanini dozi hiyo. Kama umeshapata kiharusi au shambulio la moyo jibu ni fupi, unahitaji. Kama hujawahi, muulize hatari yako ya miaka 10 ni asilimia ngapi, kuna hesabu inayojumlisha umri, presha, sigara, sukari na kolesteroli, na ukishaiona hiyo namba uamuzi unakuwa wako kweli, sio wa kuitikia tu. Atorvastatini ya 40 au 80 inaweza kushusha LDL kwa nusu hivi au zaidi, dozi za kati zinashusha asilimia 30 mpaka 49. Kinachoshangaza wengi ni kwamba ukizidisha dozi mara mbili unaongeza kama asilimia 6 tu ya ushukaji, ndo maana wakati mwingine dokta anakuongezea dawa ya aina nyingine badala ya kukupandishia hiyo hiyo.

Muda wa kumeza: simvastatini ni jioni, kwa sababu ini linatengeneza kolesteroli nyingi usiku na yenyewe haikai sana mwilini. Atorvastatini na rosuvastatini chagua saa yoyote ambayo hutaisahau. Ukisahau leo, kesho endelea na kimoja kama kawaida, usimeze viwili kufidia.

Ujiandae pia kwamba hutasikia kitu. Hamna nafuu ya kuisikia mwilini, jana ulikuwa mzima na leo mzima, na hapo ndo wengi wanapoacha, au wanapima wanakuta LDL imeshuka wanasema nimepona wanatupa boksi, wiki chache tu imerudi ilipokuwa. Kama kichwani kwako hii ni dawa ya mwezi mmoja, ongea na dokta kabla hujaanza.

Dalili za kukimbilia hospitali watajie na watu wa nyumbani: misuli kuuma vikali au kuishiwa nguvu huku mkojo umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi, au macho kuwa ya njano. Hiyo ni nadra sana ila haisubiri kesho, na dawa isimamishe mpaka upimwe.

Alafu usitoke kwa dokta bila tarehe ya kurudia kipimo, kawaida ni kati ya wiki 4 na 12 toka uanze. Iweke kwenye kalenda ya simu, na ukiweza rudi maabara ile ile ili zile namba zilingane vizuri.