Jinsi ya kupika doti za kaboni zinazowaka, za kuangalia seli hai

Wengi wakisikia kwantamu doti (chembe ndogo mno, za nanomita chache, zinazotoa mwanga ukizimulika) wanawaza zile za kadmiamu, ambazo zinawaka kweli, hata Nobeli ya kemia 2023 ilienda kwa Bawendi, Brus na Ekimov kwa kazi ya kwantamu doti, ila kadmiamu ni sumu na wewe unataka seli ibaki hai. Kwa hiyo mi nasemea doti za kaboni, zinapikwa ndani ya maji na malighafi yake si ya kutisha sana.

Kupika ni rahisi aisee. Kazi ipo kwenye kuosha, na hapo ndo watu wengi wanajidanganya.

Chukua asidi ya sitriki monohaidreti, yaani ile yenye maji ndani yake, gramu 1.05 (ule unga wa ukali wanaotia kwenye juisi, ila wewe tafuta wa maabara, na funga chupa vizuri maana kwa unyevu wa huku Dar unashikamana kama sukari ya guru halafu vipimo vyote vinakuwa uongo). Iyeyushe kwenye maji safi mililita 10, kisha ongeza ethilinidiamini maikrolita 335, hapo umeshapata moli sawa kwa sawa, yaani idadi sawa ya molekuli. Hii ethilinidiamini inaunguza na inatoa moshi unaokaba, so fanyia ndani ya kabati la hewa la maabara, lile linalovuta moshi, glavu na miwani ni lazima, usijifanye mjanja.

Mimina kwenye otoklevu (chungu kinachofungwa kabisa, cha kuhimili presha) ya chuma yenye kikombe cha Teflon ndani, ya mililita 30 inatosha, na kamwe usijaze zaidi ya theluthi mbili. Weka kwenye oveni nyuzi 200 za Selsiasi kwa masaa 5. Ukimaliza zima uiache ipoe yenyewe mpaka kesho, usiifungue ya moto wala usiimwagie maji, mle ndani kuna presha. Umeme ukikatika katikati, na unajua mwenyewe mambo ya mjini hapa, bechi hiyo usiihesabu, anza upya. Mi nilishawahi kuihesabu nikapoteza wiki nzima kutafuta kwa nini rangi haifanani na ya mwanzo.

Kitakachotoka ni maji ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Mulika na tochi ya UV, ile wanayokagulia noti feki, utaona bluu kali mpaka utapiga kelele. Tulia kwanza! Asidi hii na ethilinidiamini zikipikwa zinatengeneza pia molekuli ndogo ndogo zinazowaka bluu hivyohivyo, na hizo si doti. Usipozitoa utaandika umetengeneza kwantamu doti kumbe unapiga picha ya rangi tu.

Basi zungusha kwanza kwenye sentrifyuji kutoa mabonge, pitisha chujio la maikroni 0.22, halafu tia kwenye mfuko wa dayalisisi wa daltoni 1000 (unapitisha molekuli ndogo kuliko uzito huo, kubwa zinabaki ndani), uuzamishe kwenye bika la lita moja ya maji safi. Badili maji kila baada ya masaa kama 5, siku mbili au zaidi. Kila ukibadili, yamulike yale ya nje na tochi yako. Yakiwaka bado, endelea. Yakiacha kuwaka na ya ndani bado yanawaka, sasa una kitu. Utashangaa kilichobaki ni kidogo kuliko ulivyotegemea, ndo ilivyo. Kausha, pima uzito harakaharaka kabla unga haujanyonya unyevu, tengeneza miligramu 10 kwa mililita, uchuje tena kwa chujio tasa.

Kwa seli, kabla ya picha yoyote fanya MTT, kipimo cha rangi kinachoonyesha seli ngapi bado ziko hai: jaribu maikrogramu 50, 100, 200 kwa mililita, masaa 24, na uweke visima (vile vishimo vya sahani ya majaribio) vyenye doti bila seli maana rangi ya doti yenyewe inaweza kuchafua usomaji. Dozi isiyoua ndo unaenda nayo kwenye hadubini. Zilishe seli doti hizo masaa manne hivi, osha na PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) mara tatu, weka midia, yaani chakula cha seli, isiyo na rangi ya fenoli nyekundu, tumia filta ya DAPI, ile ya mwanga wa bluu. Rangi ya DAPI yenyewe au Hoechst, zile za kupaka kiini cha seli, usiitie kwenye sampuli hiyo, zote bluu, hutajua nani ni nani.

Na lazima uwe na seli ambazo hazijalishwa kitu, zipigwe picha kwa mwanga uleule na muda uleule, kwa sababu seli zenyewe zinawaka bluu kidogo zikipigwa UV. Ukiona zote mbili zinafanana, rudi kwenye dozi au kwenye mfuko wako wa dayalisisi, usiende kuongeza mwangaza kwenye kompyuta.