Jinsi ya kudai malipo ya upasuaji wa siku moja kwa kampuni za bima Uganda

Mwongozo huu ni wa karani wa bima katika kliniki binafsi inayompasua mgonjwa asubuhi na kumruhusu jioni. Uganda bado hatuna bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, lakini haukutiwa saini. Anayelipa ni mgonjwa mwenyewe, au kampuni ya bima aliyowekewa na mwajiri wake. Kwa huyu wa pili, pesa yako hupatikana au hupotea kabla mgonjwa hajapanda kitandani.

Hatua ya 1: Hakiki bima siku ya miadi. Linganisha kadi na kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Kisha iulize kampuni kiasi kilichobaki, na fungu litakalokatwa: la wagonjwa wa nje au la waliolazwa? Wengi hawaulizi hili. Fungu la wagonjwa wa nje huwa dogo, na upasuaji mmoja wa henia, yaani ngiri, unaweza kulimaliza lote. Pata jibu kwa maandishi.

Hatua ya 2: Omba idhini ya awali. Barua ya daktari itaje ugonjwa na msimbo wake wa ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa), upasuaji wenyewe, aina ya ganzi na gharama. Tenganisha ada ya daktari mpasuaji, ya mtoa nusukaputi, ya chumba, dawa na vifaa. Kama mna bei ya jumla kwa mkataba, uliza kama wavu wa henia, ule unaoshonewa ndani kuziba tundu, umo ndani yake. Usipouliza, kliniki ndiyo itakayoulipia.

Hatua ya 3: Linda idhini hiyo mpaka mwisho. Hapa ndipo madai mengi yanapoangukia. Tuseme idhini ni ya henia ya kinena upande mmoja, msimbo K40.9. Daktari anaanza kazi, anakuta pande zote mbili, anazishona zote. Ripoti yake sasa ni K40.2, idhini bado inasema K40.9, na kampuni italipa upande mmoja au haitalipa kabisa. Kubaliana na wauguzi wa chumba cha upasuaji wakupigie simu mara tu mpango unapobadilika. Wewe iandikie kampuni saa hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado ndani, uombe nyongeza ya idhini. Nambari ya nyongeza iingie kwenye jalada.

Hatua ya 4: Funga jalada kabla mgonjwa hajaondoka. Fomu ya madai yenye saini yake, idhini, ripoti ya upasuaji, karatasi ya nusukaputi, majibu ya maabara, ankara. Kama kliniki imesajiliwa EFRIS, mfumo wa serikali wa ankara za kielektroniki, ankara itoke humo. Saini ndiyo inayosahaulika zaidi, na kumfuata mtu Mbarara kwa ajili ya saini ni gharama. Peleka jalada ndani ya muda wa mkataba na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Hatua ya 5: Linganisha kilicholipwa na kilichodaiwa. Kampuni iliyoteuliwa na URA, mamlaka ya mapato, kuwa wakala wa kodi ya zuio hukata kodi hiyo ya asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1, isipokuwa una cheti cha msamaha. Dai la 2,500,000 litaingia benki likiwa 2,350,000. Zile 150,000 ni kodi yenu iliyokwisha kulipwa, kwa hiyo usiziandike kama hasara. Dai hati yake mhasibu aitumie kwenye ritani ya mwaka.

Hatua ya 6: Jibu kila kukataliwa. Omba sababu kwa maandishi, ambatisha karatasi inayokosekana, rudisha. Sababu ikiwa haina msingi, mgonjwa mwenye bima anaweza kupeleka malalamiko yake kwa mamlaka ya usimamizi wa bima, IRA, nawe umwandalie nakala zote. Lakini dai likikataliwa kwa uzembe wa ofisi yako, usimgeukie mgonjwa. Yeye alileta kadi iliyo hai na akasaini kila alichoambiwa asaini. Kiasi hicho kibebwe na kliniki.