Mbegu za majike: tazama mtamba kwanza, mrija baadaye

Mimi ni mhimilishaji: nawawekea ng'ombe mbegu za dume, zilizogandishwa kwenye mrija mwembamba, bila dume kuwapanda. Simu iliita saa moja asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtamba analia tangu alfajiri, majani hataki. Njoo na ile mbegu ya majike."

Nikamuuliza kuhusu ute wa huyo jike wake ambaye hajawahi kuzaa. Akasema unaning'inia kama ute wa yai. Akimkandamiza kiunoni? Anasimama tu, mkia ameuweka pembeni. Na jana usiku ulipofunga banda? Alikuwa amelala anacheua, hana neno. Nikamwambia, basi mama, nitafika saa nne usiku.

Kimya. Halafu: "Saa nne usiku? Wa jirani si walimhimilisha jioni?"

Ni kweli, na kwa mbegu za kawaida hawakukosea. Kanuni tunayoifundisha miaka yote ni kwamba ng'ombe aliyeonekana kwenye joto, yaani anataka dume, asubuhi ahimilishwe jioni, aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi ya kesho yake. Mbegu zilizotengwa jinsia, hizi ambazo wafugaji wanaziita kwa kifupi mbegu za majike, zinataka tuchelewe zaidi kidogo: kati ya saa 16 na 24 tangu joto lilipoanza. Yai la ng'ombe hutoka takriban saa 24 hadi 32 baada ya joto kuanza, na mbegu hizi haziishi muda mrefu ndani ya kizazi. Ukiziweka mapema zinachoka kabla yai halijafika. Ndiyo maana nikamuuliza mama habari za jana usiku. Wafugaji wengi hutuambia saa walipoliona joto, ilhali tunachohitaji ni saa lilipoanza.

Kwa nini hazidumu? Ni kwa sababu ya safari zilizopitia kiwandani. Mbegu inayozaa jike imebeba kromosomu X, ile ya dume imebeba Y, na kwa ng'ombe ile ya X ina DNA, ile inayobeba urithi, nyingi zaidi kwa karibu asilimia 4. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotumika kuzitenga. Mbegu hutiwa rangi inayoshika DNA, zikapitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, inayong'aa zaidi ikaelekezwa upande wake. Njia hii ilifanyiwa kazi Beltsville, Marekani, kwenye maabara ya Lawrence Johnson, na mwaka 1989 ikatoa sungura wa kwanza waliozaliwa kwa mbegu hai zilizotengwa. Kazi ni ya polepole na inazichosha mbegu. Mrija wa kawaida huwa na mbegu milioni 15 hadi 20. Wa majike kwa miaka mingi ulikuwa na milioni 2 tu, na siku hizi baadhi ya watengenezaji wamefika milioni 4. Jeshi dogo, tena lililochoka. Halisamehe kosa ambalo mrija wa kawaida ungelisamehe.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Chukua mitamba 10 waliotunzwa vizuri. Kwa mbegu za kawaida tuseme 6 wanashika mimba kwa mara ya kwanza. Utapata majike 3 na madume 3. Kwa mbegu za majike, ushikaji mimba huwa chini kidogo, kama nne ya tano ya ule wa kawaida. Basi wanashika 5, na kwa kuwa kati ya ndama 10 karibu 9 huwa majike, unapata majike 4. Faida ipo. Lakini mitamba hao hao wakiwa wamekonda, madini hawajalamba tangu masika, na joto linasomwa kwa kukisia, wakashika 3 tu, utapata majike 2 au 3. Yaani sawa na mbegu za kawaida kwa mitamba waliotunzwa vizuri, au pungufu, kwa mrija uliokugharimu mara kadhaa zaidi. Usiulize mrija ni shilingi ngapi. Uliza ndama jike mmoja atakugharimu shilingi ngapi.

Kwa hiyo mimi humtazama mnyama kabla ya kugusa mtungi wa mbegu. Mtamba ndiye bora, kwa sababu kizazi chake hakijapata misukosuko, na ndama jike kwa kawaida huwa mwepesi kuliko dume, hivyo uzazi wa kwanza unakuwa na unafuu. Lakini awe amefika asilimia 60 hivi ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Umri peke yake haunishawishi; nimeona mitamba wa miezi 20 wenye mwili wa miezi 11. Utepe wa kupima kifua ili kukadiria uzito ni rahisi kununua, na hata fundi cherehani anao wa kuazima, bora uandike sentimita na umuulize afisa mifugo zina maana gani kwa chotara wako. Mbavu zisionekane zote, wala asiwe mnene wa kutikisika. Awe ameonyesha joto angalau mara mbili kwa mpangilio wa siku 18 hadi 24.

Ng'ombe aliyewahi kuzaa anafaa pia, kama amepita siku 60 tangu azae, kondo la nyuma lilitoka vizuri na ute wake ni mwangavu kama kioo. Yule anayerudi joto mara tatu mara nne, tafadhali, usimpe mrija wa majike ukitumaini utamtibu. Mtafutie daktari. Vilevile yule unayejua maziwa yake ni ya kikombe: unataka jike wa nini kutoka kwake? Mpe mbegu ya kawaida, hata ya ng'ombe wa nyama.

Siku yenyewe, usimkimbize mnyama. Mfunge kivulini, mpe maji, wacha kuogesha na chanjo hadi siku nyingine. Na msimamie mhimilishaji, si kwa ubishi, bali kwa macho. Mrija unatoka kwenye naitrojeni ya kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Niliwahi kumwona mtaalamu mmoja akikiinua kikombe chote cha mirija juu ya mdomo wa mtungi, akigeuza mirija juani asome jina la dume, huku akizungumza na simu. Mirija aliyoirudisha ndani ilikuwa imeshaharibika, na wenye ng'ombe waliofuata hawakujua. Kikombe kibaki shingoni mwa mtungi, mrija mmoja utolewe kwa koleo ndani ya sekunde chache. Uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, kwa sekunde kama 40. Maji ya chupa ya chai yaliyopozwa kwa kidole hayafai. Ukaushwe, ukingwe jua na upepo, na ndani ya dakika 10 hivi mbegu iwe imeshawekwa pale tu baada ya shingo ya kizazi. Mtaalamu aliyefunzwa vizuri, kama wale wanaopitia kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, hatachukia ukimuuliza hayo.

Baada ya siku mbili au tatu unaweza kuona damu kidogo mkiani. Usishtuke, na usiitafsiri kuwa mimba imekataa. Inaonyesha tu kwamba joto limepita. Andika tarehe. Kuanzia siku ya 18 mchunguze alfajiri na usiku, hasa kama yuko peke yake bandani, maana hana mwenzake wa kumpanda akakuonyesha. Akitulia, aje apimwe mimba baada ya siku 60. Akirudi, mpe mrija wa majike mara ya pili kama yote yalikuwa sawa. Akirudi tena, hamia mbegu za kawaida. Kila siku 21 anazokaa bila mimba ni majani, pumba na vibarua.

Mama yule nilimhimilishia saa nne na nusu, kwa tochi, mvua ikinyesha. Mtamba alishika. Miezi tisa baadaye alizaa dume.

Hutokea, ni yule mmoja kati ya kumi. Alinipigia akicheka kwa uchungu, kisha akaniuliza kama kweli mbegu ilikuwa ya majike. Nikamwambia achomoe mrija mtupu niliomwachia, uliobandikwa kwenye kadi ya mtamba. Akanisomea maandishi yake herufi kwa herufi: jina la dume, namba, alama ya jinsia. Dai mrija wako mtupu kila mara, na uutunze mpaka ndama asimame.